Waya nyeupe ya mashine ya moyo imeniachia swali nisiloweza kulijibu

Wakuu, salama huko mliko?

Mimi nafundisha wanafunzi wa ambulensi hapa Kamembe, Rusizi. Somo langu ni moyo: kusoma karatasi ya ECG, ile yenye mawimbi. Naandika kichwa kikiwa bado kinanizunguka. Na hii si chai, yamenitokea wiki iliyopita.

Mjue kwanza kwamba nusu ya darasa langu ni watu waliokulia ng'ambo ya mpaka, Bukavu, wakarudi. Hata mimi nilisomea huko. Sote tulikaririshwa waya za ECG kwa rangi: moto juu ya makaa, jua juu ya majani. Yaani nyekundu mkono wa kulia na nyeusi mguu wa kulia. Njano mkono wa kushoto na kijani mguu wa kushoto. Hata uniamshe usingizini, nazifunga.

Basi shule ikaletewa mashine ya msaada, mtumba kutoka mbali. Tukafurahi kama watoto siku ya Idi.

Asubuhi nikafundisha kwamba kwenye mstari unaoitwa lead II, mawimbi ya mtu mwenye afya hutazama juu. Ukiona yameinama, kuna neno.

Nikaomba mtu wa kupimwa. Akajitokeza Furaha, binti wa Rwimbogo.

Niwaambie kilichomleta shule. Kaka yake, Dieudonné, alikuwa akishikwa na kizunguzungu. Wakampima moyo kwa mashine kama hii, akaambiwa mzima. Haukupita muda akaanguka uwanjani akicheza mpira, hakuamka tena. Furaha mwenyewe hajawahi kupimwa, na siku zote ana hofu kwamba na yeye anao moyo wa kaka yake.

Maman Aline, muuguzi wa siku nyingi, ndiye aliyefunga waya. Akasita.

"Mwalimu, njano haiko. Iko hii nyeupe."

Nikamwambia itakuwa imepauka, si unaona mashine yenyewe ilivyochoka? Funga tu.

Karatasi ikatoka. Lead II yote imeinama.

Darasa zima likanigeukia. Nilichofundisha asubuhi kila mtu anakikumbuka, pa kujificha hakuna. Furaha akaisoma mwenyewe pale kitandani.

"Mwalimu, njo ile ugonjwa ya kaka yangu?"

Wakuu, nilichanganyikiwa. Namshika mkono, mapigo yanakwenda vizuri tu. Hana maumivu, hahemi. Karatasi inasema hivi, mtu anasema vile, sasa mimi nimfuate nani? Nikatoka kumpigia daktari wa moyo, hakupokea. Niliporudi, Furaha alikuwa ameshampigia mama yake, analia.

Nikasema nipimeni mimi. Yangu ikainama.

Akalala Papa Issa, dereva wa shule. Yake ikainama.

"Mwalimu," akasema Papa Issa, "batu bote ba Kamembe bako bagonjwa, ao ni mashine?"

Ndipo nikavua waya nikazitazama moja moja. Kumbe kwenye kila kibanio kuna herufi ndogo za Kiingereza. Ile nyeupe imeandikwa RA, yaani mkono wa kulia. Sisi tuliifunga kushoto! Wallahi nilikaa chini. Mashine ni ya Marekani, na wao rangi zao ni nyingine kabisa: nyeupe mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, na nyekundu yetu ya mkononi kwao inakwenda mguuni. Njano haikuwahi kuwepo. Tulikuta rangi tatu tunazozijua, tukaziamini zote nne.

Tukamfunga Furaha upya kwa kufuata herufi. Mawimbi yakatazama juu, safi kabisa. Watu wakapiga makofi, Maman Aline akacheka mpaka akashika mbavu.

Furaha hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi mbili.

"Ya kwanza inasema niko mugonjwa, ya pili inasema niko muzima. Nitaamini gani?"

Nikamwambia azivue, azifunge mwenyewe, akisoma herufi kwa sauti. Ikatoka ileile ya pili. Akapumua.

Nikadhani yameisha. Mara mama yake akashuka kwenye pikipiki, katoka Rwimbogo na udongo wa shamba miguuni. Nikamweleza taratibu, kwa aibu. Mama, zilikuwa rangi tu, waya zilikaa vibaya, mtoto wako mzima. Akamshukuru Mungu, akamkumbatia Furaha kwa muda mrefu.

Halafu akanigeukia.

"Papa Mwalimu, na ya Dieudonné? Rangi baliwekaka muzuri?"

Sikuwepo. Huenda walifunga sawasawa na ugonjwa haukuonekana siku ile, hutokea. Huenda sivyo. Nilimwambia sijui, mama. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka na binti yake.

Wakuu, funzo nililolipata ni kwamba usiamini rangi, soma herufi. Na karatasi ikigombana na mgonjwa, anza na waya. Darasani sasa ule wimbo wa moto na makaa nimeupiga marufuku.

Lakini yule mama bado yupo kichwani mwangu. Mnaofanya kazi hizi, semeni hapa chini, nyinyi mngemjibu nini?