Upepo Ulioshiba Njiani

Asubuhi ile Bi Gulandam alipofungua mlango wa nyumba yake ya kukaushia zabibu, pua ilimpa habari kabla ya macho. Kulinuka siki. Akapapasa kishada kilichoning'inia karibu, punje zikamteleza vidoleni. Zilipaswa kuwa zimeanza kukunjamana, za kijani, ngumu kidogo kwa nje. Zilikuwa za kahawia, laini, na moja ilipasuka ikamchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Alitukana. Binti yake Sanobar, aliyesimama nyuma yake na karai, hakuwahi kumsikia mama yake akitoa tusi la namna ile, akainama kama anayetafuta kitu sakafuni.

Nyumba yenyewe haikuwa na kosa. Ilijengwa na baba mkwe wake juu ya kilima kidogo cha changarawe, kuta za udongo zimetobolewa matundu toka chini hadi juu, yote yakitazama kaskazini. Humo jua haliingii. Zabibu ya kwao Herati ikianikwa juani inageuka nyeusi, na nyeusi kila mtu anayo. Ya kijani hukaushwa na upepo gizani, na upepo wa kule wakati wa kiangazi hauna adabu: unang'oa mahema, unajaza watu mchanga machoni, unawagombanisha wake na waume bila sababu. Unatoka nyanda kavu, unajibana katika mwanya wa vilima viwili juu ya kijiji, unatoka hapo kwa kasi na kiu, ukipita juu ya mawe ya moto. Ukifika kwenye vishada unanyonya maji yote na kuacha sukari. Ndiyo maana mzee yule alijenga pale na si kwingine.

Sasa pale mwanyani palikuwa na miti. Shemeji yake Nekmamad, mdogo wa marehemu mumewe, alipopata mtoto wa kiume alipanda safu ya mipopla, ile miti myembamba inayokwenda juu kama mikuki. Ni desturi: mtoto akizaliwa unampandia, akifika kuoa unaikata, boriti zinaezeka nyumba yake na zinazobaki zinalipia karamu. Kila mtu hupanda kando ya mfereji. Nekmamad alipanda mwanyani, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa ya bure na watu waliiona haifai kitu. Miti ilipokuwa midogo upepo uliiruka. Mwaka huu ilikuwa imepita urefu wa nyumba na kushonana kama ukuta. Tena, maji yalivyokuwa mengi, Nekmamad akafungulia mfereji kwenye shamba lililo chini ya miti, akafanya majaruba ya mpunga.

Bi Gulandam hakwenda kupiga kelele kwanza. Alilowesha vipande vya shuka moja, akavitundika sehemu mbalimbali: mbele ya miti, nyuma yake, ukingoni mwa mpunga, na mlangoni pake. Cha mbele ya miti kilikauka kabla hajamaliza kufunga cha mwisho. Cha mlangoni pake kilikuwa bado kinadondosha matone adhuhuri. Upepo ulivunjwa nguvu na miti, kisha ukapita polepole juu ya majaruba na kunywa huko ukashiba. Ulipofika kwake ulikuwa kama mgeni aliyekwisha kula kwa jirani: anaketi, anasifu chakula, hagusi.

Alitundika kimoja pia kwenye uzio wa Nekmamad mwenyewe, upande wa magharibi, mbali na mpunga, pale safu ya miti inapoishia. Hapo kitambaa kiliruka kikang'ang'ania mwiba, kikavu kama karatasi. Upepo uliozuiwa ulikuwa unazunguka mwisho wa safu na kuingia moja kwa moja kwenye chumba kipya cha wageni, cha juu, ambacho mke wa Nekmamad alikilalamikia kwamba vioo vyake havidumu.

Hapo ndipo hasira zilipompanda hasa. Mavuno yale yakioza, alijua kitakachofuata. Mjane aliyeshindwa kulima huhamia kwa ndugu wa mumewe, na shamba huhamia pamoja naye. Nekmamad alikuwa amelingoja shamba lile tangu siku ya maziko, kwa subira na kwa tabasamu.

Akaenda mferejini, ambako mirabu, mgawa maji wa kijiji, huketi na wakulima kupanga zamu. Mirabu huyo, Shirdil, alikuwa mtu wa haki na wa maneno makali. Wajane wenye mashamba walizoeleka pale.

"Mirabu," alisema bila salamu ndefu, "mtu akiziba mfereji wangu unamfanya nini?"

"Nauzibua kwa mgongo wake."

"Akiziba upepo wangu?"

Wanaume wakacheka. Shirdil mwenyewe alicheka. "Mama, maji nayagawa kwa zamu. Upepo nitaugawa kwa nini, kwa pishi?"

Nekmamad alikuwapo, na alijua kucheza na watu. Akawauliza waliokaa kama kuna aliyewahi kukata miti ya mtoto wa mwenzake kabla ya harusi. Hakuna. Akauliza kama kuna sheria inayomkataza mtu mpunga katika shamba lake. Hakuna. Kisha akaufungua moyo wake mbele ya umma, kama muuza nguo anavyofungua jora.

"Mimi sina kinyongo na shemeji yangu. Shamba limemwelemea, sote tunaona. Mlango wangu uko wazi. Aje chini ya paa langu hata leo, na chochote alicho nacho, akae mpaka achoke mwenyewe."

"Chochote nilicho nacho?" Bi Gulandam aliuliza.

"Chochote, shemeji."

"Mirabu umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nakuja. Mwambie mkeo afungue chumba cha juu."

Nekmamad alitazamia bunda la magodoro na mwanamke mwenye kichwa chini. Uliingia msafara wa punda. Vishada vilivyooza alivitupa. Vilivyokuwa bado vizima, na vile vilivyokuwa bado mizabibuni, alivipandisha ngazi yeye na Sanobar na wanawake wa jirani, wakafunga kamba toka ukuta hadi ukuta. Mazulia aliyakunja, madirisha akayang'oa pamoja na miimo yake. Nekmamad alipopanda na kuona, alibadilika rangi.

"Umenivunjia nyumba."

"Mgeni akisikia joto anafunguliwa dirisha. Au umechoka na mgeni? Nikamwambie mirabu?"

Hakuthubutu. Mgeni uliyemwita mbele ya watu humtoi, na kijiji kizima kilikuwa kinapita njia ya pale makusudi kunusa. Zabibu zilikauka kijani safi. Wakati huo Nekmamad alikuwa anajiandaa kumtahiri mtoto, wageni wanatoka mbali, na chumba cha kuwalaza kinadondosha utomvu wa sukari kwenye ngazi. Akaja kuongea kiungwana.

Bi Gulandam hakupunguza kitu. Mpunga uishe; pale papandwe matikiti, yanayotaka maji kidogo. Miti ibaki, lakini ipogolewe toka shina hadi juu ya kichwa cha mtu aliyepanda punda, upepo upite chini. Nekmamad aliuita wizi. Mirabu, aliyeitwa kuyaandika na kuyashuhudia mapatano, akamkumbusha kwamba mpopla ukipogolewa hutoa boriti iliyonyooka, atie sahihi akalaze wageni wake.

Nekmamad akapogoa, ila miti ya katikati, iliyoelekeana kabisa na nyumba ya zabibu, akaiacha na matawi yake kana kwamba ameisahau. Bi Gulandam akaenda na shoka.

Nekmamad akamfuata mbio. "Hasira gani hizi zisizoisha? Zabibu si umepata?"

"Nusu. Nusu nyingine umeiozesha."

"Ilikuwa bahati mbaya tu, shemeji."

"Miti hii ya katikati ndiyo uliyoisahau. Hiyo nayo bahati mbaya?" Akakata tawi, likaanguka karibu na miguu ya Nekmamad, akahamia mti wa pili.

Nekmamad akatazama rundo likikua. Majani ya mpopla ni chakula cha mbuzi, na mbuzi wake walikuwa wengi. Akauliza, kwa sauti ya chini, matawi hayo atayapeleka wapi.

"Nimeyakata mimi," alisema Bi Gulandam, bila kugeuka. "Ukiyataka, tutaongea bei."