Kobe Niliyempulizia Pumzi

Ashukuriwe Mungu, anayetuachia kumbukumbu za wale aliowaita kwake.

Juzi sokoni Kariokor niliona kobe wa mbao anayenukia rangi ya viatu, nikamkumbuka Baba, mchonga vinyago. Alasiri moja nikiwa mtoto, aliniachia uani safu ya makobe wa mbao niwang'arishe. Nilimpaka kila mmoja rangi, nikampulizia pumzi, nikamsugua kwa kitambaa.

Nilipompulizia wa mwisho, alitoa kichwa akanitazama.

Nilipiga magoti nikilia. Kanisani tulikuwa tumefundishwa jinsi Mungu alivyompulizia Adamu pumzi ya uhai. Niliamini nimeiba kazi yake, na ataniadhibu.

"Baba, nisamehe! Nimeumba!"

Baba alikuja na patasi mkononi, akacheka mpaka akaketi chini. "Umeumba? Basi umba na ng'ombe, tunywe chai ya maziwa!" Kisha akamfuta yule kobe rangi, polepole. "Huyu ametoka mtoni kwa miguu yake, mwanangu. Mungu hajakukasirikia." Akamwachia aingie kwenye sukumawiki.

Pale Kariokor nilimpulizia yule wa mbao, nikangoja. Sikungoja atoe kichwa. Nilingoja kicheko cha Baba.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie kucheka na wazazi wako wangali karibu.