Upande wa Kushoto wa Sinia

Mimi sikusoma sana, lakini majina hayanipotei. Niulize watoto wote niliocheza nao Dabaso, na mama zao, na wajukuu waliorithishwa majina hayo, nitakutajia mpaka uchoke. Hapa siwataji, maana wengine wangali hai na hawakunituma. Nasema haya kwa kuwa nilidhani ubongo ni kukumbuka tu. Ukikumbuka, basi u mzima. Kaka yangu ndiye aliyenionyesha kwamba sivyo.

Alipatwa na kiharusi kwake Gongoni, asubuhi, akivaa viatu. Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini ulimi wake ulikuwa ule ule, na majina yote alikuwa nayo kama mimi. Tukashukuru. Nikahamia kwake nimsaidie wifi yangu, mkewe, ambaye kwao ni Rabai.

Tulikula sinia moja sote watatu. Kwetu kila mtu hula mbele yake. Kuvuka upande wa mwenzio ni aibu, hata mtoto hugombwa. Wifi alikaa kushoto kwa mumewe, ndipo pake tangu wakiwa maarusi, nami kulia. Basi kaka akawa ala upande wangu. Wali wake mwenyewe, ule wa kushoto, hakuugusa.

"Wewe, wali wako umekukosea nini?" nikamuuliza.

"Upi? Si umekwisha!"

Tukacheka, tukadhani ni mzaha wake.

Wifi hakucheka kwa muda mrefu. Akimsemesha mumewe, kaka hamgeukii. Hunijibu mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema. Na jirani yetu mjane akija kumjulia hali, akakaa kulia penye nafasi, kaka huchangamka, mazungumzo hayaishi. Siku moja nikamkuta wifi chumbani akikunja leso zake.

"Waenda wapi?"

"Kwetu. Mgonjwa hadanganyi, wifi. Miaka yote hii alikuwa akinivumilia tu, sasa ugonjwa umemtoa la moyoni."

"Ngoja basi siku yake ya mazoezi hospitali ifike, tukaulize."

"Nitangoja. Lakini leso hazirudi kabatini."

Tukaenda Malindi. Binti anayemfanyisha mazoezi alitupa shikamoo, nami nikamweleza yote, hata habari za mjane. Akasimama kulia kwa kaka, akainua chupa.

"Baba, nimeshika nini?"

"Chupa ya maji."

Akahamia kushoto, na chupa ile ile mkononi. "Na sasa?"

"Sasa umekwenda wapi, mwanangu? Mbona wasema ukiwa nje?"

Wifi akashika mdomo.

Binti akatufahamisha kwamba macho ya kaka ni mazima. Kilichoumia ni ubongo, upande wake wa kulia, na huo ndio uliokuwa ukimwambia aangalie kushoto. "Hakukatai, mama," akamwambia wifi. "Habari zako hazimfikii."

"Basi nikae kulia, anione."

"Hapana. Ukihamia kulia, hatajifunza kugeuka. Kaa pale pale, umwite, umguse mkono, mpaka ageuke mwenyewe. Wengi hupata nafuu, ila yataka subira."

Leso zikarudi kabatini. Kukaanza kazi ya kumwita. Kila tukila, wifi humgusa ule mkono mzito, humwita, na kaka hukasirika.

"Nani anifinyaye?"

"Mkeo!" mimi humjibu.

"Yuko wapi?"

"Geuka umwone!"

Hugeuka polepole, shingo ngumu kama avutaye ndoo kisimani. Akishamwona hushtuka. "Eh! Umerudi saa ngapi?"

"Sikwenda popote, mzee."

Siku nyingine hakugeuka kabisa. Lakini wifi alikaa pale pale.

Kisha ikaja adhuhuri moja, tuna wali na changu wa nazi. Kaka akala wa mbele yake, mkono ukasogea kushoto, ukaumaliza wali wote wa huko. Nikatulia nikimtazama. Mkono haukusimama. Ukavuka mpaka mbele ya mkewe, ukamwondolea kichwa cha samaki, akipendacho wifi kuliko nyama yote.

Kwa mazoea tu nikapaza sauti: "Kaka, huko si kwako!"

Wifi akanishika mkono. "Mwache! Mwache ale!" Na kile kipande cha samaki kilichobaki mbele yake akakisukuma kushoto zaidi, ukingoni mwa sinia, akakaa kumngojea.