Karatasi za Bu Wartinah

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi Bu Wartinah ("Bu" kwetu ni "Mama") alikuwa langoni kwangu, karatasi za matangazo kwapani, anaita, "Wenyewe mpo?" Alijua tupo, macho yake yalishaingia kwenye mapipa.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyempa kazi ile: kupita nyumba arobaini za kichochoro chetu hapa Surabaya, kisiwani Java, akitufundisha kutenga taka. Za kuoza pipa la kijani, plastiki na makopo la njano. Halipwi. Mumewe alishafariki, bintiye yuko Hong Kong analea watoto wa watu.

"Bu Lastri, huu mwiba wa samaki unatafuta nini kwenye chupa?"

"Mchumba."

"Watenganishe basi, hawajafunga ndoa!"

Akishanigombeza namkaribisha chai. Gilasi moja aliinywa saa nzima.

Kwenye kikao cha kina mama, mdomo wangu huu ukafunguka. "Tumeshaelewa jamani! Hata paka wangu anajua pipa la kijani. Tangazo litumwe kwenye simu, tupumue." Wakacheka, wakapiga makofi, mwenyekiti akakubali. Bu Wartinah naye alicheka. Akasema afadhali, miguu imechoka.

Jumamosi iliyofuata simu ikalia: picha ya mapipa mawili. Sikuisoma. Nilikuwa nimeshachemsha maji ya watu wawili.

Jumamosi ya tatu nikamkuta amesimama langoni, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Hakuita.

"Ingia, mwenzangu. Umesimama kama mwizi anayejifunza."

"Napita tu, Bu. Sina shughuli."

Sisi Wajawa ndivyo tulivyo: ukienda kwa mtu bila sababu, unajiona umekwenda kuomba.

"Nani kakuuliza shughuli? Chai ipo."

Akachungulia nyuma yangu. "Mapipa yakoje?"

"Safi kabisa," nikasema, kwa majivuno. Mjinga mimi. Ningesema ni machafu, angeingia mbio.

"Vizuri," akasema. "Basi hakuna haja."

Akaondoka, akipunguza mwendo kwenye kila lango. Hakuna aliyetoka. Nikasema moyoni, kesho nitamfuata kwake. Kesho yake nikajiuliza: niende nikaseme nimefuata nini?

Leo ni Alhamisi. Bado sijaenda.