Mwambie Mwenyewe Hayupo

Siku yangu ya kwanza kazini sikusema neno hata moja, lakini maneno yangu yalisemwa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimeshushwa Mkange na lori la mahindi, miguu imevimba na koo limekauka. Mwalimu Mkuu wa pale, mzee mwenye kanzu iliyonyooka kwa pasi, alinisimamisha mbele ya wazazi akawaambia, "Mwalimu anasema amefurahi mno kuja kwenu. Anasema atawapenda watoto wenu kama wake." Wazazi wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nataka maji.

Wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa na mvi. Mimi nina mtoto anayenyonya huku naandika, na hasira ambayo haijapoa. Lakini nilistaafishwa, kwa hiyo haki ya kukumbuka ninayo. Nawaandikia wasichana mtakaoshika chaki baada yetu.

Mkange sikukaa sana. Nilihamishiwa Bagamoyo mjini, shule ya kati ya wasichana, kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari na Kiingereza changu kilisimama. Mkuu wa shule alikuwa mama wa Kiingereza tuliyemwita Bibi Mkuu. Alinipa darasa la nane na somo ambalo wenzangu walilikimbia: kugeuza kauli halisi kuwa kauli taarifa. Kauli halisi ni maneno kama yalivyotoka kinywani mwa mtu, yamefungwa ndani ya alama za mtajo. Kauli taarifa ni maneno hayohayo yakiwa yamebebwa na mtu mwingine.

Kwa Kiswahili kazi hiyo si nzito. Mtu akisema, "Nimechoka," unasema alisema amechoka, basi. Kiingereza hakikuachii hivyo. "Mimi" anageuka "yeye", "kesho" inageuka "siku iliyofuata", na kitenzi nacho kinarudi nyuma hatua moja. *I am tired* inakuwa *She said that she was tired*. Wasichana wangu waliandika *is* kila mara, nami nilikata kwa wino mwekundu mpaka madaftari yakaonekana yamechinjiwa kuku.

"Wanajua kanuni zote," Bibi Mkuu aliniambia, "ila hawajui zinatoka wapi. Wataanguka hapo hapo mtihanini, Mwalimu. Tafuta njia."

Njia aliileta Mwanahamisi, msichana wa mji mkongwe, mdomo mwepesi kuliko miguu. Alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mbona hili mama yangu analifanya kila siku mlangoni?"

Darasa likacheka, mimi nikaweka chaki chini. Alisema kweli. Katika nyumba zetu mwanamume akipiga hodi na bwana hayupo, mke hamjibu kwa kinywa chake. Anamtuma mtoto: "Mwambie mwenyewe hayupo." Mtoto akiwa hayupo, mama anasema vilevile, kwa sauti, kama vile mtoto kasimama hapo. Na mgeni kule nje anajibu, "Mwambie nitarudi kesho." Watu wawili, ubao wa mlango katikati, kila mmoja anamtuma mtu ambaye hayupo.

Basi tukacheza mlango. Msemaji nilimweka stoo. Mjumbe alipokea maneno dirishani, akakizunguka kisima, akayafikisha kwa msikilizaji aliyekaa chini ya mlingoti wa bendera.

"Alisema amechoka," nilimwambia mjumbe, "lakini alisema lini?"

"Zamani kidogo, Mwalimu. Kisima kile mbali."

"Na wewe unayapeleka sasa. Basi sema."

"*She said that she was tired.*"

"Maneno yakitembea yanazeeka!" Mwanahamisi akapiga kelele, na siku ile darasa zima likaelewa.

Mjumbe aliyefuata akaongeza la kwake. Alifika mlingotini akatangaza kwamba msemaji amechoka na ana njaa.

"Njaa yako hiyo!" wenzake wakamzomea. "Yeye kala mihogo sasa hivi!"

Niliwakalisha, nikawaambia hivi: mjumbe haongezi, wala hapunguzi. Maneno yatabadilika umbo njiani, lakini lile mtu alilotaka lazima lifike. Lisipofika, hujageuza sentensi, umemnyang'anya mtu.

Walifaulu. Mkaguzi wa shule alikuja, akasoma kazi zao, akamgeukia Bibi Mkuu. "Mwambie huyu mwalimu nimependezwa naye." Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya tumbako yake.

Kisha nikaolewa na Shabani, karani wa forodha, nikapata mimba. Bibi Mkuu alikuwa amekwisha kurudi kwao, na mambo ya walimu yaliamuliwa na kamati ya shule, wazee watupu. Niliambiwa nimlete mume wangu aniombee ruhusa. Mimi nikae chumba cha pili, nyuma ya pazia.

Njiani nilimwambia Shabani, "Sema hivi: nataka likizo ya kujifungua, kisha narudi darasani kwangu." Akaitika. Nikamrudishia tena kama mwanafunzi. Akaitika tena.

Nyuma ya pazia nikamsikia kwa masikio yangu. "Mwenzangu anawashukuru sana, wazee wangu. Anasema yuko tayari kwa lolote mtakaloona linafaa."

"Alhamdulillahi," Mwenyekiti akasema. "Tumefahamu basi kwamba mwalimu ameridhika kupumzika."

Wakaanza kusoma Fatiha. Mimi nimezaliwa katika mji huu, dua siikati. Walipopaka mikono usoni nikalifunua pazia. "Mimi sikusema hivyo," nikasema.

Mwenyekiti hakunitazama. Alimtazama mume wangu. "Mwambie dua imekwisha somwa."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, tumbo mbele.

Nyumbani nilimfokea Shabani mpaka jirani akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri. Alikaa kitandani kichwa chini. "Wazee wale ndio waliomlea baba yangu," alisema. "Nilifungua kinywa niseme 'anataka', ikanitoka ile nyingine." Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Binti yetu Tatu alipozaliwa, alimpakata usiku na mchana. Siku moja akaniambia, bila mimi kumuuliza, "Maneno yako sitayabeba tena. Nitabeba mtoto."

Mtihani ulipokaribia, hodi ikapigwa. Shabani yuko forodhani, nyumbani ni mimi na Tatu. Sauti ilikuwa ya Katibu wa kamati. "Mwambieni mwenye nyumba, kamati inaomba mkewe asaidie darasa la nane. Mwalimu mpya limemshinda lile somo."

Ulimi wangu ukaanza wenyewe: "Mwambie mwenyewe ha…" Nikaukamata. Nikajitanda kanga, nikafungua mlango.

"Shikamoo, bwana Katibu."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama ndara zake. "Bwana yupo?"

"Hayupo. Mimi nipo, na unayenitaka ni mimi. Kusaidia sisaidii. Nitafundisha, kwa cheo changu, na mtihani ukiisha nabaki."

"Haya, haya. Nitawaambia."

"Usiwaambie wewe. Mnakaa lini?"

"Jumatano, baada ya Alasiri."

"Nitakuja kusema mwenyewe."

Darasa la nane nimelirudia. Mama mkwe anakaa na Tatu mchana, na saa ya mapumziko analetwa kunyonya. Msidhani hasira imekwisha. Katika mji huu wamo wanawake walioolewa, walioachwa, walionyang'anywa mashamba, na wote imesemwa kwamba wameridhika. Fundisheni kauli taarifa, nawaomba, na ifundisheni vizuri. Kisha mwulizeni kila msichana yeye mwenyewe alisemaje.

Jumatano ile sikukaa nyuma ya pazia. Nilivuta kiti, nikakaa mezani. Mwenyekiti akanipita kwa macho, akamgeukia mume wangu aliyesimama kizingitini, kampakata Tatu. "Bwana Shabani, mwambie mwalimu…"

Shabani akampandisha Tatu begani.

"Samahani, mzee wangu," akasema. "Mwenyewe yupo."