Nilisema Acha

Naitwa Robi, mama wa Ghati. Naishi Nkende, hapa Tarime mjini. Nimeombwa niongee kidogo na ninyi mnaopokea foklifti mpya hapa ghalani kwenu. Kidogo siwezi, nawaambia mapema. Na mnisamehe nikiongea nimesimama, kwa sababu kukaa ndiko kunakonishinda.

Tangu utoto miguu yangu haitulii. Mama yangu alikuwa anasema mtoto huyu ana siafu kwenye nyayo. Nikikaa kanisani nachezesha goti mpaka jirani ananigusa paja. Nikipika, nikisubiri maharage yaive, nafagia uwanja mara mbili. Mume wangu anafanya kazi kwenye kambi ya watalii kule karibu na Natta, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi, na hata yeye huniambia, "Mama Ghati, keti basi nikuone sura."

Kwa hiyo kazi ya ghala ilinifaa. Ni ghala la mahindi, barabara ya kwenda Sirari. Mimi nilikuwa nashona midomo ya magunia na kuzoa mahindi yanayomwagika. Zamani magunia yalibebwa na wanaume mgongoni. Halafu tajiri wetu akaleta troli za kuvuta, akaleta na foklifti moja kuukuu yenye meno mawili marefu ya chuma mbele. Magunia kumi yanapangwa juu ya chaga ya mbao, meno yanaingia chini ya chaga, mashine inanyanyua vyote kwa pamoja.

Aliyetufundisha mashine hiyo alikuwa fundi kutoka ng'ambo ya mpaka, Mjaluo wa Migori. Alikaa nasi miezi miwili, akaenda zake, ila maneno yake yakabaki. Yeye akitaka mzigo uteremshwe alikuwa anasema "wacha." Mzigo ukifika mahali pake: wacha. Basi ghala zima tukalishika hilo. Mtu anaita "wacha!", dereva anashusha. Hakuna aliyeliwazia neno lenyewe. Lilikuwa limeingia kama chumvi kwenye mboga.

Dereva alikuwa Shabani. Huyu ni kijana wa hapahapa Tarime, ingawa babu yake alitoka Tanga na cherehani kichwani. Mtani wangu sana. Ananiambia, "Dada Robi, siku utakayotulia tutachimba kaburi." Namwambia, "Litakuwa lako."

Siku ile ilikuwa asubuhi, lori linasubiri mlangoni. Shabani alinyanyua chaga hadi usawa wa goti, akasimama kidogo kwa sababu watu walikuwa wanapita. Mimi nikaona gunia la chini limetoboka. Mahindi yanachuruzika. Nilitakiwa kusubiri mzigo ushuke, halafu nizibe. Dakika mbili tu. Lakini mimi na dakika mbili ni maadui. Nikachukua kitambaa, nikajisogeza pembeni ya chaga, nikainama, na mguu wangu wa kulia ukaingia chini ili nifikie tundu vizuri.

Shabani hakuniona. Magunia yalikuwa yamemziba macho. Njia ikawa wazi, akasukuma mashine mbele taratibu. Nikaona chuma kinanisogelea. Nikapiga kelele, "Acha! Shabani, acha!"

Akashusha.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia sauti, kama mtu amevunja muwa. Halafu joto likapanda kutoka kwenye muundi hadi kinywani, nikaonja kitu kama sarafu ya shaba. Wakapiga kelele wote, mashine ikanyanyua mzigo, nikauona mguu wangu. Ngozi ya mbele ilikuwa imefunguka na mfupa umechomoza, mweupe, na punje za mahindi zimeganda kwenye damu. Nakumbuka nilianza kuzitoa moja moja. Mwenzangu Wankuru akanishika mikono akasema, "Acha, Robi. Acha mahindi." Wakanipakia kwenye pikapu.

Hospitali daktari aliuliza nilikanyaga nini. Nikamwambia sikukanyaga, nilikanyagwa. Akasema yale mahindi yaliyomwagika ndiyo yaliyouokoa mguu, yalikuwa yamelala chini yake kama godoro. Ingekuwa sakafu tupu ungesagika kabisa. Wakanifanyia upasuaji, wakaunga mfupa, wakanifunga hogo zito la chokaa kutoka kwenye goti hadi vidole, wakaacha dirisha dogo mbele ili kidonda kisafishwe.

Nililala pale wiki tatu na hasira. Sikuwa na hasira na Mungu. Nilikuwa na hasira na Shabani. Nilimwambia acha, akashusha. Alikuja mara mbili kunisalimia, nikageukia ukutani. Nilisema moyoni, huyu utani umemzidi, hata mtu akilia anaona ni mchezo. Akaacha kuja.

Wakati wa kuruhusiwa daktari aliongea nami polepole, kama anayemjua mgonjwa wake. "Mama, huu mguu usiuwekee uzito mpaka nikuambie. Usilowe. Kaa kitako, mguu juu ya mto. Kazi yako sasa ni kukaa." Nikasema ndiyo daktari.

Nikapelekwa Mbalibali kwa mama mkwe, maana Nkende hakukuwa na wa kunitunza. Siku ya kwanza nilikaa. Ya pili nilikaa nikilia. Unajua kukaa ndani ukisikia wenzako wanapura ulezi nje? Mwili mzima unawasha, na ndani ya hogo kunawasha zaidi, na hufikii. Nilichomeka kijiti cha ufagio nikajikuna mpaka kikatoka na damu. Siku ya nne nikashika fimbo, nikaruka kwa mguu mmoja hadi mlangoni. Ya saba nikawa nakanyaga kidogo. Mama mkwe alikuwa akirudi kutoka shamba ananikuta kitandani, mguu juu ya mto, kama malaika.

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku moja mvua ilikuja ghafla na ulezi umeanikwa uwanjani. Ningeuacha? Nilitoka na fimbo, nikazoa ulezi wote, nikarudi ndani hogo limelowa na tope limeingia dirishani. Nikalikausha karibu na moto. Nikanyamaza.

Baada ya siku tatu nikaanza kunuka. Nasema wazi ili mwenye kuficha asifiche. Ilikuwa harufu ya panya aliyefia kwenye dari. Nzi walinijua. Nikapaka mafuta ya manukato kuzunguka dirisha, mambo yakawa mabaya zaidi, panya aliyepakwa manukato. Vidole vikavimba, vikawa na rangi ya zambarau. Nikaanza kutetemeka kwa homa na kusema ni malaria.

Mama mkwe alikuja na mchuzi, akasimama mlangoni, akanusa. "Robi, nini kinaoza humu?"

"Shikamoo mama. Sijui."

"Marahaba. Usinisalimie mara mbili kwa siku ukidhani nitasahau nilichouliza. Funua."

Nikafunua. Usaha ulitoka wa kijani. Kwetu mkwe hafunuliwi miguu ovyo, niliona aibu kufa. Yeye akainama, akapangusa kwa khanga yake mwenyewe. Kisha akatoka kutafuta gari.

Tarime, yule daktari alikata hogo kwa msumeno. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Akaangalia, akabonyeza, akaniita kwa jina.

"Mama Ghati, wadudu wameingia kwenye nyama na wanaelekea kwenye mfupa. Nitakupa dawa za mshipa na nitasafisha kidonda kila siku. Nakupa siku tano. Ukitulia kabisa na usaha ukapungua, mguu ni wako. Usipopungua, tutakata chini ya goti, tuokoe maisha."

Siku tano. Nisimame vipi bila mguu, mimi ambaye hata miwili hainitoshi? Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akalia, na hakujua kwa nini.

Waliuning'iniza mguu, nisiweze kuuhamisha. Haja kubwa na ndogo kwenye beseni. Kila asubuhi wanachokonoa kidonda na mimi nang'ata shuka. Lakini maumivu niliyazoea, kutulia ndiko kulikonishinda. Mkono unataka kushika kitu. Usingizi hauji. Siku ya pili nilikuwa nahesabu misumari ya dari, nikaanza kuvuta ile kamba niusogeze mguu kidogo tu.

Mama mkwe akaona. Akatoka bila kuaga. Nikadhani amechoka nami, na angekuwa na haki. Akarudi na furushi: magunia yaliyochanika, uzi, na ile sindano yangu kubwa ya kushonea, ameifuata ghalani kwa miguu. Akayamwaga kifuani pangu. "Miguu itulie, mikono ifanye kazi. Yakiisha nitaleta mengine."

Nikashona. Nilishona kama mwendawazimu. Manesi walilalamika kuhusu vumbi, akawaendea akazungumza nao, sijui aliwaambia nini.

Aliyeleta furushi la pili, siku ya tatu, alikuwa Shabani. Sikuweza kugeukia ukutani, mguu ulikuwa umefungwa. Alikuwa amekonda. Mama mkwe akamwambia akae, akakaa.

"Sijaendesha tena tangu siku ile," akasema. "Dada Robi, nilikuja mara mbili nikuulize kitu kimoja ukanikataa. Kwa nini uliniambia nishushe?"

Damu ilinipanda. "Nikuambie ushushe? Mimi? Na mguu wangu uko chini? Nilisema acha!"

"Ulisema wacha."

"Nilisema acha!"

"Na mimi nilisikia wacha. Wacha ni kushusha. Mashine inanguruma, mtu anaita wacha, mimi nashusha. Ndivyo tunavyofanya kila siku, dada. Wewe mwenyewe umeniambia wacha mara elfu."

Sindano ikabaki hewani. Maana sisi wa mpakani mdomo wetu unatoa yote mawili. Nikimkataza mtoto kuchezea moto, leo nasema acha, kesho nasema wacha. Mpaka leo hii sijui ni lipi lilinitoka siku ile. Neno nililolililia liniokoe ndilo tuliloipa mashine kama amri ya kunishukia, na tulilitumia miaka miwili bila mtu kujiuliza, mtu akitaka kusema simama, atasemaje?

Nililia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. Hasira ilitoka. Nikamwambia, "Shabani, nisamehe. Niliweka mguu mahali pasipo pake." Akasema, "Nisamehe na mimi, nilishusha mahali nisipopaona." Mama mkwe akasema, "Mkimaliza, magunia haya hayajishoni." Shabani akashika uzi. Tulishona wote watatu.

Siku ya tano daktari alifungua bandeji. Nilifumba macho. Nilisikia ananusa, halafu akabonyeza. "Nyama nyekundu," akasema. "Inatoka damu safi. Hatukati."

Ilibaki miezi minane. Hogo lilipotoka mara ya mwisho mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, ngozi inabanduka kama ya nyoka. Nilijifunza kutembea nikishika ukuta. Nachechemea kidogo, mmeona. Nikichelewa mahali naulaumu mguu, ingawa zamani nilikuwa nawahi mno.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, na mama mkwe ambaye sasa namwita mama bila mkwe. Ninyi, nawaombeni. Usiingize mwili chini ya kilichonyanyuliwa, hata kama dhahabu inamwagika. Ukiambiwa kaa, kaa. Kidonda kikinuka, sema siku hiyohiyo. Na leo kabla hamjawasha mashine hiyo, kubalianeni neno moja la kusimamisha, lisilofanana na jingine lolote.

Kwetu walikaa kikao nikiwa bado nauguza. Wengine walitaka "simama", wengine wakataka neno la Kiingereza. Shabani akapendekeza lake, wakalikubali, na hakuna aliyeniambia.

Nikarudi siku moja kuwasalimia, na fimbo yangu. Ndani kulikuwa na kelele kama kawaida, foklifti inanguruma, troli zinapita, lori linapakiwa. Wankuru akaniona mlangoni. Kwa furaha akaita, "Robi!"

Ghala lote likazima. Shabani alikanyaga breki, mzigo ukabaki hewani. Waliovuta troli walisimama walipokuwa, mikono juu ya mipini. Na kila mtu, mmoja mmoja, akainama kuangalia miguu yake.

Tangu hapo kazini wananiita Mama Ghati tu.