Mashine iliyokula chumvi ya Madamu: kabla hujafunga kichujio cha maji cha nyumba nzima, soma hapa

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi.

Mi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, na shule yangu iliishia darasa la tano kwa mapadri. Haya niliyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Nimetoa daftari zangu za zamani ili nisijipambe. Lakini hizo daftari niliziandika mwenyewe, kwa hiyo nazo msiziamini sana.

Nisameheni pia Kiswahili cha Katanga kikiponyoka.

Sababu ya uzi huu: wiki iliyopita muuzaji wa vichujio alikuja nyumbani kwa binti yangu, kule Dilala. Shati jeupe, picha nzuri kwenye simu. Anauza mtambo wa kuchuja na kulainisha maji ya nyumba nzima. Nilimuuliza swali moja tu. Jibu lake nitalileta mwisho, maana bila habari ya Tata Kabeya halitawaingia.

Twende.

Miaka ya mwisho ya Wabelgiji nilikuwa boi wa nyumba kwa injenia mmoja wa migodi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, labda ishirini. Jina langu la ubatizo ni Yosefu, wote waliniita Zefu.

Maji yetu hapa yana chokaa. Birika likichemka mwezi mmoja, ndani linavaa ganda kama la yai. Sabuni haitoi povu. Madamu, mke wa injenia, alisema nywele zake zimekuwa kamba. Nilizitazama, kwa kweli hazikuwa kamba, ila mi sikuwa mtu wa kuulizwa.

Basi injenia, Bwana wangu, akaagiza mtambo.

Nimpe haki yake: alichagua vizuri kuliko wengi wenu mtakavyochagua. Madamu alitaka ule mkubwa wa kwenye picha. Bwana kwanza alijaza chupa maji, akatia matone ya sabuni, akatikisa, akatazama povu. Akahesabu robine, yaani mabomba ya kufungulia maji, za nyumba na watu wanaooga. Ndipo akachukua ule mdogo.

Pia robine ya bustani aliiunganisha kabla ya mtambo, ili maua yanywe maji ya kawaida. Hilo likumbukeni, litakuja kutuchanganya.

Mtambo wenyewe ulikaa nyuma ya jiko. Kwanza pipa la mchanga, linakamata matope. Halafu tangi la chuma refu kama mi, limejaa chembe za kahawia kama ulezi. Hizo ndizo zinazokamata chokaa. Zikishiba, unazipitishia maji ya chumvi, zinatema chokaa, zinaanza upya.

Leo najua hivyo. Wakati ule nilijua hivi: kila Ijumaa, funga hii, fungua ile, mwaga makopo manane ya chumvi ya mawe, ngoja. Kisha onja maji yanayotoka kwenye bomba la uchafu. Yakiwa na chumvi, ngoja tena. Chumvi ikipotea, kazi imekwisha.

Bwana hakunieleza kwa nini. Kwa haki: sikumuuliza.

Mi nilijieleza mwenyewe. Nikasema mashine inakula chumvi. Nikionja nikakuta chumvi, bado inatafuna. Nikionja nisikute, imemeza.

Msicheke. Au chekeni, sawa tu.

Chumvi yenyewe ilinisumbua moyo. Kambini, tulikokaa wafanyakazi, chumvi ilikuja na posho, kidogo, na posho ikichelewa watu walikula mboga chukuchuku. Mi kila Ijumaa namwagia chuma makopo manane. Kwenye daftari niliandika: «Mashini inakula kuliko familia ya Kabeya.»

Sasa Tata Kabeya, yaani Baba Kabeya. Huyu alikuwa mtunza bustani, mtu wa Kasai, mwenye mke na watoto wanne. Mkewe, Mama Ngoie, alikuwa mtu wa huku huku, kwenye mabwawa ya Lualaba. Kabeya alikuwa na ulimi mkali na Jumapili alikunywa. Lakini waridi za Madamu hakuna Mzungu wa mtaa ule aliyekuwa na mfano wake. Yote mawili ni kweli.

Kiangazi kilipoingia, robine ya bustani ikawa inatoa machozi. Kabeya akawa anabeba maji kwa ndoo kutoka mbali, mgongo umepinda. Na mi kila Ijumaa namwaga maji mengi mferejini!

Nikapata akili. Nikatafuta mpira wa maji, nikaufunga kwenye bomba la uchafu, nikaulaza mpaka kwenye waridi.

«Tata Kabeya, Ijumaa usibebe ndoo,» nikamwambia. «Mashini itakunyweshea maua.»

«We mutoto wa mashini,» akasema, «ile chuma yako ikininyang'anya kazi, nitakuya kula kwako.»

Daftari ya siku ile: «Leo nimesaidia Kabeya. Mungu ameona.»

Nadhani kweli aliona.

Baada ya wiki sita hivi waridi zilianza kukauka kwenye ncha za majani, kama zimeunguzwa na pasi. Zikapukutika. Zikafa moja moja, kuanzia pale mpira unapoishia. Mi sikuona hilo la mpira. Niliona tu zinakufa, nikaongeza muda wa kumwaga ili zipate nafuu.

Madamu akatoka na kofia yake.

«Kabeya! Weye nafanya nini na maua yangu?»

«Madamu, mi natia maji kila siku. Maua njo inakataa.»

«Maua hapana kataa. Weye njo nakataa, juu ya ile matanga.»

Nieleze. «Njo» kwetu ni «ndiyo», na «juu ya» ni «kwa sababu ya». Mwezi mmoja kabla, Kabeya alifiwa na kaka yake huko Kasai. Aliomba ruhusa ya kwenda matanga, Madamu akamnyima. Basi waridi zilipokufa, Madamu akaona analipiziwa kisasi. Simtetei, lakini mtu anayeona kitu alichokipenda kinakufa hutafuta mkono wa kuushika. Uliokuwa karibu ulikuwa wa Kabeya.

Bwana alichunguza kwa utaratibu. Alitazama mizizi, akatafuta wadudu. Akasema mtambo hauhusiki, maana robine ya bustani iko kabla ya mtambo, yeye mwenyewe aliiunganisha hapo. Na kweli aliiunganisha. Basi akabaki Kabeya.

Wakampa mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kazi ikiisha na nyumba ya kambini inaisha. Mke na watoto wanne, waende wanakojua wenyewe.

Jumapili nikaenda kuwatazama. Mama Ngoie akaniwekea bukari, ndiyo ugali, na lengalenga, mchicha wa kwetu. Nikaweka tonge mdomoni, nikasimama kutafuna.

Mboga ilikuwa na chumvi. Chumvi nzuri, ya kutosha. Na wiki ile posho ilikuwa haijafika, kambi nzima ilikuwa inalalamika.

«Mama,» nikasema, «chumvi mumetosha wapi?» Yaani mmeitoa wapi.

Akacheka, akamtazama mumewe. Kabeya akatazama ukuta.

«Mu bulongo ya Madamu,» akasema Mama Ngoie. Kwenye udongo wake.

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Pale alikuwa amesimamisha kikapu chembamba kama pembe, ndani amepanga majani, juu ya majani udongo. Chini yake chungu. Anamwaga maji juu polepole, yanapita kwenye udongo, yanashuka chunguni. Yale ya chini anayachemsha mpaka inabaki chumvi. Bibi yake alifanya hivyo na majivu ya majani ya bwawani, na bibi wa bibi yake.

Kichujio, wakuu. Cha majani. Hakikuletwa kwa treni.

«Nilimuletea baba chakula ku kazi,» akasema, «nikaona pale chini ya maua kuko ukoko mweupe. Nikalamba. Nikasema ee, bazungu banatia maua yabo chumvi, sawa samaki! Nikabeba kikapu moja.»

«Na hamukusema?»

Kabeya ndiye akajibu. «Niseme nini, Zefu? Ile bulongo ni ya kwake. Atasema nimeua maua, halafu nimeiba na kaburi lao.»

Hapo ndipo kichwa changu kilipokutana na ulimi wangu. Ulimi ulijua tangu Ijumaa ya kwanza. Kila wiki nilionja chumvi ikitoka, nikasubiri mpaka itoke yote, na yote nilikuwa naipeleka kwenye waridi. Mashine haikula hata punje.

Ningependa kuwaambia kwamba chakula kilinishinda. Hapana. Nilimaliza sahani, nikaongezewa. Na sikusema neno.

Nanakili daftari kama ilivyo:

«Jumatatu. Sikusema. Bwana alikuwa mugodini.
Jumanne. Sikusema. Madamu kichwa kinamuuma.
Jumatano. Bwana alikuwa nyumbani na Madamu alikuwa muzima. Sikusema.
Alhamisi. Mama Ngoie amefunga vyombo. Nimemusaidia kufunga.»

Hiyo ya Alhamisi ndiyo inayonitesa mpaka leo. Nilifunga kamba za mzigo, vizuri, mafundo imara, nikiwa na neno moja mdomoni ambalo lingeufungua.

Nilikuwa naogopa nini? Nilikuwa naogopa kurudi kijijini bila kazi. Sikuwa na mke wala watoto wanne. Nimepima mara nyingi, mizani haijawahi kuniegemea.

Ijumaa ilikuwa siku ya mashine. Nikamwaga makopo manane. Maji yalipoanza kutoka, nikakinga glasi kwenye ncha ya mpira, nikampelekea Bwana mezani. Asubuhi, anakunywa kahawa.

«Bwana, onja.»

Alinitazama. Boi hampi Bwana wake maji ya bomba la uchafu. Lakini alikuwa injenia, na injenia akipewa glasi anataka kujua. Akaonja. Akatema kwenye sahani.

«Hii ni chumvi.»

«Ndiyo, Bwana.»

«Imetoka wapi?»

Nikampeleka. Akasimama mbele ya mpira. Ule mpira alikuwa ameuruka kila asubuhi kwa wiki nyingi akienda garini, na mguu wake ulikuwa umezoea.

«Nani aliweka hii?»

«Mi.»

«Nani nakutuma?»

«Hapana mutu. Nilitaka kusaidia Kabeya.»

Akaufuata ule mpira kwa macho mpaka kwenye waridi. Kisha akauliza, «Na weye nafikiri chumvi naenda wapi?»

«Nilifikiri mashini inakula.»

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Akaingia ndani. Nikasikia Kifaransa, cha chini, halafu cha juu, halafu cha chini tena. Akatoka, akamwita Kabeya, akamwambia asiondoke. Basi. Hakuna neno la samahani. Madamu alifikiri siku mbili, halafu akampa Kabeya ile ruhusa ya matanga aliyokuwa amemnyima. Matanga yalikuwa yamekwisha zamani. Kabeya akashukuru kwa adabu, akaenda kulala siku tatu nyumbani kwake.

Mi sikufukuzwa. Nilipewa koleo. Nichimbe udongo wote wa waridi mpaka kina cha goti, niutoe nje.

Niutoe wapi? Nilivuta toroli mpaka kambini. Mama Ngoie alikuwa ameshafungua mizigo, na alikuwa amewaambia wenzake. Wanawake walikuja na mabeseni, wakapanga vikapu mstari mzima. Wiki mbili kambi ile ilikula chumvi ya Madamu, na posho ilipofika hakuna aliyekimbia.

Mashine ikakabidhiwa kwa Kabeya. Hakujua kusoma. Bwana akamfundisha, akaifanya bila kukosea mpaka Wabelgiji wanaondoka.

Nikamuuliza siri. Akasema, «We uliipenda. Mi siiamini. Njo maana naitazama inaenda wapi.»

Na mbele za watu, mpaka alipokufa, aliniita Injenia wa Chumvi. Mizigo ile sikuwahi kumwambia kwamba nilifunga nikijua. Nadhani alijua. Sina hakika.

Sasa mafunzo, kwa wanaotaka kununua.

Pima maji yako kwanza, usinunue kwa picha. Kichujio cha matope kikae mbele ya kilainishi, na ukioshe maji yakianza kutoka kwa unyonge. Robine ya bustani iwe kabla ya mtambo. Chumvi utakayomwaga itatoka yote, haijapata kuliwa na chuma chochote. Na anayehudumia mtambo mweleze kwa nini, hata kama hakuulizi. Hasa kama hakuulizi.

Nirudi Dilala. Muuzaji alimaliza picha zake. Binti yangu ana lengalenga na nyanya nyuma ya nyumba, ndizo zinazosomesha wajukuu. Nikauliza: «Yale maji ya kuoshea mashini, utayapeleka wapi?»

Akatabasamu. «Bustanini, tata. Kwetu hakuna kitu kinapotea.»

Binti yangu akaitikia kwa kichwa, kwa furaha.

Nilihisi zile kamba mkononi. Safari hii sikungoja Ijumaa. Nikasema hapo hapo, kwa sauti kubwa kupita kiasi, mpaka binti akaninong'oneza, «Papa, unatuhaibisha mbele ya mugeni.» Labda niliwaaibisha kweli. Muuzaji alikuwa mtu mpole, na simu yake aliishika kama mi nilivyoushika ule mpira.

Mpira hatujaufunga. Mtambo binti ameshaununua, lakini bado uko ndani ya katoni yake, barazani, na hajanisemesha tangu siku ile.

Wakuu mnaojua: mtaa wetu hauna mfereji tena, yale maji ya chumvi tuyapeleke wapi? Na mwenye kuona nilikosea kungoja siku tano badala ya moja, aseme bila kunionea haya. Nasoma yote, polepole.